Wimbo wa Magunia

Jumamosi yenye mpira, Doris alimaliza kazi zake zote za nyumbani kabla jua halijapanda. Alifua sare za shule, akapiga deki sebule, akasugua sufuria mpaka mama yake akakosa la kumkosoa. Kisha akachukua ndoo yake. Ilikuwa ndoo tupu ya rangi, ya plastiki, iliyoachwa na mafundi waliojenga nyumba ya jirani. Aliigeuza kifudifudi akaipiga kwa vijiti viwili, na sauti yake ilifika mbali, hata kwa majirani ambao hawakuomba kuisikia.

Doris alikuwa darasa la sita katika shule moja ya msingi pale Mtawanya, pembezoni mwa mji wa Mtwara, na ndiye aliyewaongoza washangiliaji wa timu ya shule, iliyoitwa Chewa. Hakuna aliyemchagua. Alianza tu kupiga ndoo, wenzake wakamfuata. Uchungu wa mpira aliurithi kwa baba yake, Samweli, mfanyakazi wa bandarini aliyehamia Mtwara kutoka Mbeya. Baba huyo alikuwa mpole nyumbani na kazini, lakini ukimkalisha kwenye banda la kuonyeshea mpira, na timu yake ya Dar es Salaam ikafungwa, aliwavurumishia wachezaji maneno ambayo mkewe aliyapiga marufuku mezani. Wavivu, mizigo, walaji wa mishahara ya bure. Doris alikua akiyasikia, na akili ya mtoto haichagui cha kuhifadhi.

Siku hiyo Chewa walikuwa wanakwenda Kitaya, kijiji kilicho kando ya mto Ruvuma, kucheza fainali ya kombe la mbuzi. Fainali hiyo ilikuwa ya michezo miwili, wa kwanza Kitaya na wa marudiano nyumbani Mtawanya, na atakayeongoza kwa jumla ya mabao angepewa mbuzi dume pamoja na mipira mipya. Shule ilikodi Fuso. Wachezaji walikaa mbele, karibu na kichwa cha gari, na washangiliaji wakakaa nyuma na ndoo yao.

Walipotoka tu mjini, Doris alianzisha wimbo. Washangiliaji waliitikia. Wachezaji hawakuitikia, kwa sababu walikuwa wamelala. Nahodha wao, Adelino, kijana mrefu wa darasa moja na Doris, alikuwa ameegemea ubao wa gari huku kichwa kikigonga kila gari lilipoingia shimoni, wala hakuamka. Doris alipiga ndoo kwa nguvu zaidi. Mmoja wao alifungua jicho, akalifumba tena.

Mpira wenyewe, heri usisimuliwe. Vijana wa Kitaya walikimbia, vijana wa Mtawanya walitembea. Bao la kwanza liliingia huku mabeki wa Chewa wakiangaliana, la pili liliingia mlinda mlango akiwa ameinama ameshika magoti, na la tatu Doris hakulitazama kwa sababu alikuwa amegeukia mto kwa hasira. Adelino, ambaye siku za kawaida hukimbia uwanja mzima bila kutweta, alipokonywa mpira na mtoto anayemfikia kifuani. Washangiliaji wa Kitaya, waliokuwa wakila ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, pembeni ya uwanja, walicheka mpaka wengine wakapaliwa. Mpira uliisha tatu bila.

Doris angeweza kuvumilia kufungwa. Kilichomchoma roho ni safari ya kurudi. Fuso lilikuwa halijafika hata barabara kuu, wachezaji wale wale wakalala tena. Walilala fofofo, vinywa wazi, kama watu waliotoka kwenye sherehe. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeomba radhi, na mmoja alikoroma. Doris aliwatazama njia nzima. Alikuwa ameimba mpaka sauti imekauka kwa ajili ya watu wanaokoroma.

"Haya siyo watu," alimwambia Baraka, mtoto wa bwana afya, aliyekaa karibu naye. "Haya ni magunia. Tumeyapakia, tumeyapeleka, na sasa tunayarudisha."

Baraka alicheka. Na kwa kuwa alicheka, Doris aliendelea, na walipofika Mtawanya wimbo ulikuwa umeshakamilika.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, aliipiga ndoo yake chini ya dirisha la darasa la sita na kuimba:

Magunia yamekwenda Kitaya,
Magunia yamelala Kitaya,
Magunia yamerudi, hayana haya.

Wimbo mbaya una miguu. Kabla ya kengele ya mchana shule nzima ilikuwa imeushika. Watoto wa darasa la pili, ambao hata Kitaya hawaijui iko upande gani, walimfuata Adelino kutoka bombani mpaka darasani wakiimba. Mlinda mlango akipita, wanaitikia. Wachezaji wengine walianza kuzunguka nyuma ya vyoo ili wasipite uwanjani. Doris aliona kazi yake imefanikiwa. Alijiambia kwamba sasa watapata aibu, na aibu itawapa miguu.

Aliyekaa naye dawati moja alikuwa Aida, mdogo wake Adelino aliyeanzishwa shule pamoja na kaka yake, na rafiki wa Doris tangu darasa la kwanza. Mchana ule Aida alisogeza daftari zake mpaka ukingoni mwa dawati. Doris alimwuliza ana nini. Aida alifungua kitabu. Doris alimwomba kifutio, Aida akakisukuma bila kumtazama.

Siku iliyofuata Adelino aliingia ofisi ya walimu, akamwekea Mwalimu Hassani, mwalimu wa michezo, jezi yake na kitambaa cha unahodha juu ya meza. Alisema kwamba yeye mpira basi. Nyuma yake alikuja mlinda mlango, kisha mabeki wawili, kila mmoja na jezi yake iliyofuliwa na kukunjwa. Marudiano yalikuwa Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, na kama timu ingekosekana uwanjani, mbuzi angekwenda Kitaya bila jasho na shule ingefungiwa kushiriki kombe hilo mwaka mzima unaofuata.

Mwalimu Hassani alimwita Doris. Hakushika fimbo, wala hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha Doris kuliko fimbo. Alimwonyesha zile jezi mezani, akamwuliza kama wimbo ule ni wake. Doris alikubali, kwa sababu kukataa kusingesaidia, shule nzima ilikuwa shahidi.

"Na umeimba kwa nini?"

"Kwa sababu ni wavivu, mwalimu. Walilala kwenda, wakalala uwanjani, wakalala kurudi. Sisi tumekauka makoo."

"Ulimwuliza hata mmoja wao kwa nini analala?"

Doris alitikisa kichwa. Mwalimu alisema yeye angeweza kumweleza, lakini akimweleza atasahau. Jibu alitafute kwa Adelino mwenyewe, na akienda huko aombe radhi, maana timu bila nahodha haipo, na aliyemfukuza nahodha ni yeye Doris.

Jioni Doris alikwenda kwa kina Adelino, nyumba ya mwisho kabla mikorosho haijaanza. Alikwenda amenuna. Kichwani alikuwa amepanga radhi fupi, ya kusema nusu na kubakiza nusu, kwa sababu bado aliamini kwamba tatu bila ni tatu bila. Uani alimkuta mama yao, Mama Conceicao, ameketi juu ya mkeka mbele ya korosho zilizoanikwa, akizichambua kwa mikono iliyoparara kwa utomvu. Wazee wa mama huyo walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji zamani, na Kiswahili chake kilikuwa na Kimakonde ndani yake. Mlangoni alikuwepo baba yao, amelala ubavu kwenye kitanda cha kamba. Mgongo ulikuwa umemkatalia kazi tangu msimu uanze.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye ntoto wa wimbo?"

Doris alitazama chini. Akasema amekuja kumwomba Adelino radhi.

"Adelino yuko shamba na Aida. Wanarudi giza likiingia, wanakula, wanalala, alfajiri wanarudi tena. Radhi yako ni nzuri, lakini hapa haina mtu wa kuisikiliza. Njoo nayo shamba kesho alfajiri. Uje na ndoo."

Baba Doris alishangaa kuombwa ruhusa ya kwenda shamba na mtoto ambaye kuamshwa kwake ni vita ya kila siku. Lakini aliruhusu, na kulipoanza kupambazuka alimsindikiza mwenyewe mpaka kwa kina Aida kabla ya kwenda bandarini.

Doris aliishi Mtwara miaka yote anayoikumbuka, akala korosho za kukaanga, akanywa juisi ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, akapita chini ya mikorosho kila siku akienda shule. Kuokota hakuwahi. Kwao hawakuwa na shamba, na kina Baraka pia hawakuwa nalo, wala karibu mshangiliaji yeyote wa kundi lake. Wenye mashamba walikuwa wale wengine, wanaocheza.

Kazi yenyewe ilionekana nyepesi. Bibo likiiva huanguka na korosho yake, na wewe unainama, unanyofoa korosho, unatia kwenye ndoo, unapiga hatua, unainama tena. Lazima uokote kila siku, Aida alimweleza kwa sauti kavu, kwa sababu zilizoanguka zikilala hapo nguruwe pori wanazifikia, na wezi nao hawalali, na mvua ikinyesha juu yake zinaharibika. Jumamosi na Jumapili hakuna tofauti. Siku ya kwenda Kitaya waliokota tangu alfajiri mpaka Fuso lilipopiga honi.

"Timu nzima?" Doris aliuliza.

"Kasoro mmoja, baba yake ana duka."

Doris aliinama akaendelea. Haikuchukua muda kiuno kikaanza kulalamika, kisha mapaja, kisha shingo. Ndoo yake, ile ile ya kupigia, ilikuwa haijafunikwa hata kitako. Mbele yake Adelino alikuwa anasogea chini ya mti mwingine, ameinama hainuki, mkono mmoja ukinyofoa na mwingine umeshaokota. Doris aliliona gunia la Adelino limesimama pembeni, limefika nusu. Hasira ikampanda, na safari hii hakujua anamkasirikia nani. Akatazama juu. Mti ulikuwa umejaa mabibo, mengine yamekaribia kabisa kuiva, na yeye chini anatafuta moja moja kwenye majani makavu kama mjinga. Akakamata tawi kwa mikono miwili, akalitikisa kwa nguvu zake zote.

Korosho zilimwagika. Doris alifurahi kwa muda wa kuinama mara moja tu.

"Wee! Achia!" Mama Conceicao alikuja mbio kutoka upande wa pili. Aliokota bibo moja kati ya yale yaliyoanguka, akamwekea Doris kiganjani. Lilikuwa gumu, na korosho yake bado ilikuwa na ukijani. "Nani kakwambia korosho inatikiswa? Korosho inaokotwa. Hii ilikuwa inaiva yenyewe, wewe umeiangusha. Ndani yake sasa hakuna kitu."

Doris alisema kwamba ni chache tu, hazitaonekana.

"Zitaonekana ghalani. Mpimaji anatia mkono kwenye gunia, anatoa hizi, gunia zima linashuka daraja la pili. Zile nzuri za Adelino nazo zinashuka, kwa sababu yako." Kisha akamwamuru azichambue zote alizoangusha, moja moja, azitenge, na asiguse tawi tena.

Doris alipiga magoti akachambua. Utomvu wa zile mbichi ulimwingia kwenye mchubuko wa kidole ukamwasha mpaka machozi yakamtoka, na alishukuru kwamba matawi ya mkorosho yalimficha. Adelino alipita na ndoo yake iliyojaa, akamwona. Hakucheka. Hilo la kutocheka lilimwumiza Doris, kwa sababu alijua yeye angecheka, na pengine angetunga na wimbo.

Waliondoka shambani wakikimbia, wakafika shule kengele inalia. Kipindi cha kwanza kilikuwa hisabati. Doris alisikia mwalimu akitamka neno sehemu, akaona chaki ikigusa ubao, na kitu kilichofuata kilikuwa kicheko cha darasa zima. Alikuwa amelala juu ya daftari, na shavu lake limechapwa wino.

Kutoka nyuma, Baraka alianza kwa sauti ya chini: "Magunia yamekwenda Kitaya." Wengine walipokea. Mwalimu alipiga meza wakanyamaza, lakini Doris alikuwa ameshausikia wimbo wake kutoka upande mwingine, na aliuona ulivyo. Alitaka kusimama awaambie kwamba yeye si mvivu, ameamka kabla yao wote, kiuno kinamwuma, wao hawajui lolote. Akamtazama Aida. Aida naye alikuwa anamtazama, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Unaona?" Aida alinong'ona.

Doris aliona.

Wakati wa mapumziko alibeba ndoo yake mpaka pale pale chini ya dirisha, akaigonga, watoto wakakusanyika wakitegemea wimbo mpya. Aliwaambia kwamba wimbo wa magunia aliutunga yeye, na aliutunga bila kujua anachokisema. Wachezaji walilala kwenye gari kwa sababu walikuwa wametoka kuokota korosho tangu alfajiri, na yeye leo ameokota kidogo tu akalala kwenye hisabati. Kwa hiyo wimbo umekufa. Mtoto mmoja wa darasa la pili aliuliza kama wanaweza kuuimba mara ya mwisho. Doris alimkazia macho, mtoto akarudi nyuma.

Kisha alimfuata Adelino, aliyekuwa amesimama peke yake karibu na goli. Radhi aliyoipanga jana ilikuwa imempotea, akabaki na maneno ya kawaida.

"Nimekukosea. Nilikuita mvivu na wewe ndiye unayefanya kazi kuliko mimi. Nisamehe."

Adelino aliusogeza mchanga kwa kidole cha mguu. "Nimesikia," alisema. "Lakini Jumamosi korosho zitaanguka vilevile. Nitaokota, nitakuja uwanjani nimechoka, tutafungwa, na utakasirika upya. Bora nisicheze."

Hapo ndipo Doris alipopata wazo, na lilimjia kwa uchokozi zaidi kuliko kwa wema. Alimwambia kwamba Jumamosi yeye Adelino hataingia shambani. Washangiliaji ndio wataingia. Kama kundi lake lina nguvu ya kupiga kelele kutwa, lina nguvu ya kuinama asubuhi moja.

Kuwashawishi washangiliaji ilikuwa kazi nyingine. Baraka alisema kwao hawana shamba, na yeye alijiunga na kundi ili aimbe. Mwingine alisema mama yake hatakubali arudi na nguo zenye utomvu. Doris aliwasikiliza mpaka wakamaliza, akiwa amejawa na hasira ile ile ya ndani ya Fuso, kisha akawauliza swali moja. Wanataka wachezaji wakimbie, au wanataka tu mtu wa kumzomea? Walitazamana. Baraka alikuwa wa kwanza kuuliza ndoo zitapatikana wapi. Mwalimu Hassani alipitia kwa wazazi wa wachezaji akawaomba ruhusa, na kwa wazazi wa washangiliaji pia. Mama Conceicao alikubali kwa sharti moja, kwamba mtoto atakayeshika tawi atarudishwa kwao.

Jumamosi alfajiri washangiliaji waligawanyika kwenye mashamba. Waliokota vibaya, polepole, wakilalamika kwa kila mti, na wazazi wa wachezaji walilazimika kupita nyuma yao kuokota walizoziruka. Baraka alikanyaga mabibo yaliyooza akaanguka kifudifudi. Baba Doris, ambaye siku hiyo hakuwa na zamu bandarini, alikuja kumtazama binti yake, akapewa ndoo na Mama Conceicao kabla hajamaliza salamu. Lakini jua lilipokuwa kali, magunia yalikuwa yamejaa vya kutosha, na katika nyumba zao wachezaji wa Chewa walikuwa wamelala mpaka wakachoka kulala.

Mchana timu ya Kitaya ilishuka kwenye gari ikiimba. Chewa waliingia uwanjani kila mtu amerudishiwa jezi yake, na Adelino akiwa na kitambaa mkononi. Doris aliigeuza ndoo, akaifuta maji ya mabibo, akaanza kupiga.

Walikimbia. Hakuna namna nyingine ya kusema. Walimkimbilia kila mpira, hata uliokuwa unatoka nje, na kabla ya mapumziko wakafunga la kwanza. La pili lilikuja kwa kichwa cha Adelino, na baba Doris akarusha kofia yake juu, ikashuka kwa mtu mwingine. Lilihitajika moja tu ili mabao yalingane na wakapigiane penalti. Dakika za mwisho kabisa beki wa Kitaya aliushika mpira ndani ya eneo la hatari, na mwamuzi akanyoosha kidole.

Adelino aliuweka mpira. Alirudi nyuma, akakimbia, akapiga, na mpira ukapita juu ya mwamba ukaenda kuanguka kwenye mikorosho.

Filimbi ya mwisho ililia baada ya hapo. Kitaya walikuwa wamechukua mbuzi, na Adelino alikuwa amechuchumaa palepale, kichwa mikononi. Washangiliaji wote waligeuka wakamtazama Doris. Na Doris alikuwa amekasirika. Tusimsingizie wema asiokuwa nao: alikuwa amekasirika kuliko siku ya Kitaya, na maneno yalikuwa tayari mdomoni. Alitazama vijiti mkononi mwake. Vidole vilivyovishika vilikuwa vyeusi kwa utomvu.

Akaanza kupiga. Si wimbo mpya, ni ule wa zamani wa timu, Chewa wetu tupo nao, na Baraka akaupokea, na Aida, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa uwanja, akaja akasimama karibu yake na kupiga makofi. Waliimba mpaka wachezaji walipoinuka mmoja mmoja na kuja upande wao.

Adelino alikuja wa mwisho. Alisimama mbele ya Doris, macho mekundu.

"Sema tu," alisema. "Najua una la kusema."

"Penalti ile," Doris alisema, "hata bibi yangu wa Mbeya angefunga."

Aida alishtuka. Lakini Adelino alimtazama Doris usoni, kisha akacheka, cheko la mtu aliyetua mzigo. "Kweli," alisema.

"Kweli kabisa. Ungepiga chini. Na Jumatatu alfajiri nakuja na ndoo."

Wakati wa kurudi nyumbani baba alimbebea ile ndoo, na alitembea ameshika kiuno kwa mkono wake wa pili. Alimwambia Doris kwamba amekisikia alichomwambia Adelino, na amekipenda.

"Kumwambia mtu amekosa penalti si vibaya, mwanangu. Umeiona kwa macho yako, naye ameiona, na akiambiwa atajifunza. Lakini kumwita mtu mvivu ni jambo jingine. Hapo unasema habari za mahali ambapo hukuwepo. Ukitaka kulisema hilo, kwanza uamke naye, ufanye kazi anayoifanya, halafu utazame kama bado unalo neno. Mara nyingi utakuta huna. Na utakuta kuna kitu cha kumsaidia."

Doris alitembea kidogo akilifikiria hilo.

"Na wale wachezaji wako wa kwenye televisheni, baba?"

Walipita nyumba ya kwanza, na ya pili.

"Wale wanalipwa," alisema. Kisha, walipokaribia mlango wao, akaongeza, "Lakini nitapunguza."

Jioni ile timu ya baba ilicheza ugenini, na ilifungwa. Doris aliyekuwa anaosha vyombo nje alisikia kelele kutoka kwenye banda la mpira, watu wakiwataja wachezaji kwa majina mabaya ya kila namna. Alisikiliza kwa makini ili aitambue sauti ya baba yake. Haikusikika mpaka mwisho kabisa wa mchezo, na hata hapo ilisema tu, kwa uchungu mkubwa, kwamba yule kijana aliyekosa penalti angepiga chini.